Kambare wa makumbusho: mwongozo kamili wa kumsajili, tangu beseni hadi rafuni

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mtunza mkusanyo mpya, au ofisa uvuvi aliyekabidhiwa kabati la samaki na kuambiwa "panga hivi". Usajili wa kambare hauharibiki kwa kukosa vifaa vya gharama. Huharibikia mahali pale pale kila mara: namba iliyo kwenye samaki haifanani na ya daftarini, lebo imeandikwa kwa kalamu ya kawaida ikafutika, au mtu ameandika anachodhani mahali pa kile alichokiona.

Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu halijitangazi. Lebo iliyofutika utaiona. Lebo yenye mwandiko mzuri isemayo "Ziwa Victoria, Mwanza", kwa samaki aliyenunuliwa sokoni, haitamshtua mtu hata baada ya miaka hamsini.

Mifano yangu mingi ni ya Ziwa Victoria na mito yake: kambare wa kawaida au mumi (*Clarias gariepinus*), gogogo (*Synodontis*), mbofu (*Bagrus docmak*) na nembe (*Schilbe*). Kwa Tanganyika, Nyasa, Rufiji au Tana, utaratibu ni huu huu.

## Vifaa

Viweke vyote mezani kabla samaki hajafika. Kambare akianza kuoza hasubiri mtu aende dukani.

- Daftari la usajili lenye jalada gumu na kurasa zilizoshonwa na kupewa namba. Karatasi zilizobanwa kwa pini hapana.
- Penseli, na kalamu ya wino wa rangi usioyeyuka katika maji wala spiriti.
- Karatasi nzito ya pamba kwa lebo, na uzi wa pamba au kitani.
- Vernia, rula ya chuma, mizani, lenzi ya mkono au hadubini ya kupasulia, kibanio na sindano ndefu.
- Kamera, rula ya kuweka kwenye picha, kitambaa cheupe na cheusi.
- Mafuta ya karafuu.
- Ethanoli ya asilimia 96, fomalini ya dukani, boraksi, na maji yaliyosafishwa.
- Vichupa vidogo vya tishu, mitungi ya kioo yenye mdomo mpana, beseni za plastiki zenye vifuniko.
- Glavu za nitrili, miwani ya kukinga macho, koti la maabara.
- Bendeji au kitambaa laini cha shashi.

Kibali cha kukusanya na kibali cha utafiti viwe mkononi, na namba zake ziingie daftarini. Samaki asiye na karatasi hizo ataleta shida siku atakapoombwa na makumbusho ya nchi nyingine.

## Hatua ya 1: Mpe namba kabla ya kumgusa kwa kisu

Kila samaki apate namba ya uwandani papo hapo, hata kama wako kumi kwenye ndoo moja na wote wanafanana. Namba iwe fupi: herufi za mkusanyaji, mwaka, na namba ya mfuatano. Iandike kwa penseli kwenye kipande cha karatasi nzito na uifunge kwa uzi.

Kwa *Clarias*, pitisha uzi mdomoni na kuutoa kwenye uwazi wa matamvua upande wa kulia, kisha funga fundo legevu. Gogogo mfunge kwenye shina la mkia, kwa sababu uwazi wa matamvua yake ni mdogo na utaurarua. Upande wa kushoto usiguswe kabisa. Huo ndio wa picha na vipimo, ndivyo wafanyavyo karibu wote duniani.

Ikiwa samaki bado yu hai, mtie kwenye maji yenye mafuta ya karafuu. Yachanganye kwanza na ethanoli kidogo, maana hayachanganyiki na maji yenyewe. *Clarias* hupumua hewa kwa kiungo kilicho juu ya matamvua, na anaweza kukaa nje ya maji kwa saa kadhaa akiwa mzima. Kwa hiyo usihukumu kwa kuwa ametulia. Mwache muda mrefu baada ya matamvua kuacha kucheza, na mzuie asipande kuvuta hewa.

Onyo: miiba ya kifuani na ya mgongoni ya gogogo na mbofu hujifunga ikasimama wima. Ukimshika vibaya utachomwa, na kidonda chake kinauma kuliko ukubwa wake. Mwiba uliojifunga usiulazimishe kurudi, utavunjika, na mwiba uliovunjika ni sifa moja ya utambuzi iliyopotea.

Umefaulu ikiwa unaweza kumwaga ndoo nzima mezani, ukachanganya samaki wote, na bado ukajua nani ni nani.

## Hatua ya 2: Andika alikotoka, kwa maneno ya aliyekuwepo

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoanguka.

Andika mahali alipovuliwa kama ulivyoambiwa au ulivyoona, bila kupamba. Samaki uliyemnunua soko la Kirumba, Mwanza, huenda alivuliwa Ukerewe, Ukara au ng'ambo kabisa ya ghuba. Lebo yake isomeke hivi: "Amenunuliwa sokoni Kirumba, Mwanza; muuzaji alisema amevuliwa karibu na Ukerewe." Sentensi hiyo ina taarifa mbili tofauti, na mtafiti wa baadaye ataamua aziamini vipi. Ukiandika "Ukerewe" tu, umemwamulia.

Vipimo vya mahali vya setilaiti (GPS) viandike pamoja na ukubwa wa shaka: mita 10 kama ulisimama penye wavu, kilomita 20 kama ulikadiria kwa maelezo ya mvuvi. Namba bila shaka yake inadanganya.

Muda unahitaji uangalifu wa aina yake. Mvuvi akisema wavu ulitegwa saa mbili usiku, ni saa mbili kwa saa zetu, yaani 20:00. Msaidizi aliyezoea saa za simu ataandika 02:00, na kambare wako atakuwa amevuliwa saa sita baadaye. Kwa samaki anayehangaika zaidi usiku, tofauti hiyo ina maana. Tumia mfumo wa saa 24 daftarini, na pembeni andika alivyosema mvuvi. Tarehe nayo iandikwe mwezi kwa jina: 7 Agosti 2024. Ukiandika 7/8, Mmarekani atasoma Julai.

Ongeza zana (wavu na ukubwa wa jicho lake, ndoana, mgono), kina cha maji, aina ya mahali: mafunjo, mwamba, mdomo wa mto, bwawa. Jina la kienyeji liandike kama lilivyotamkwa, pamoja na lugha yake. Usilitafsiri. "Kambare mamba" wa wavuvi wetu, kwa mfano, si kambare hata kidogo: ni kamongo, samaki mwenye magamba na mapafu, na nimewahi kumkuta amekaa kwa amani kwenye rafu ya kambare.

Umefaulu ikiwa mtu asiyekujua anaweza kurudi pale pale kwa maandishi yako, au akajua wazi kuwa hawezi.

## Hatua ya 3: Picha kabla rangi hazijaondoka

Fomalini na ethanoli zitakula rangi. Madoa ya gogogo hufifia. Piga picha samaki akiwa bado mbichi.

Kambare hana magamba, ana ute mwingi, na ute huo hung'aa chini ya taa na kuficha kila kitu. Msuuze taratibu kwa maji safi, mfute kwa kitambaa chenye unyevu, usimsugue. Mlaze kichwa kikielekea kushoto, rula pembeni, namba yake ionekane ndani ya picha. Kisha piga kichwa kwa juu, kichwa kwa chini na mdomo kwa mbele. Kwa samaki hawa kichwa ndicho chenye habari nyingi: upana wake, macho yalivyokaa, sharubu zilivyoota.

Nyoosha sharubu zote zionekane. Iliyokatika iandike "imekatika", usiache msomaji adhani ni fupi.

## Hatua ya 4: Kipande cha nyama kwa ajili ya vinasaba

Fanya hivi kabla ya fomalini, si baada yake. Fomalini huharibu vinasaba, na hakuna atakayevirudisha katika hali yake.

Kata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kutoka kwenye msuli wa upande wa kulia, kitie kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 96. Choma kisu na kibanio kwa moto, au vitumbukize kwenye dawa ya klorini na kuvisuuza, kabla ya samaki anayefuata. Kichupa kibebe namba ile ile ya samaki. Usikipe mfululizo wake wa pekee, huko ndiko mikusanyo miwili huanza kupotezana.

## Hatua ya 5: Fomalini

Changanya sehemu 1 ya fomalini ya dukani na sehemu 9 za maji. Tia boraksi, kama nusu kijiko cha chai kwa kila lita. Sababu: fomalini isiyotulizwa hugeuka tindikali na kulainisha mifupa, na kambare hutambuliwa kwa mifupa ya kichwa na meno ya miiba yake.

Samaki mdogo anatumbukizwa mzima. Anayezidi urefu wa kiganja anahitaji kudungwa sindano ya mchanganyiko huo tumboni na kwenye misuli minene, au kupasuliwa kidogo tumboni upande wa kulia. *Clarias* ana ngozi nene na kichwa kigumu. Usipomdunga, nje atakakamaa vizuri na ndani ataoza. Mlaze amenyooka kwenye beseni pana, sharubu zikielekea nyuma. Akigandia amejikunja, atabaki hivyo milele na kila kipimo kitakuwa cha kubahatisha.

Siku mbili au tatu zinamtosha samaki mdogo. Mkubwa mpe wiki moja au mbili.

Onyo: fomalini husababisha saratani na huunguza macho. Fanya kazi nje au mahali penye upepo, glavu na miwani muda wote. Kamwe usimwage mabaki ziwani, mtoni wala kwenye sinki. Yakusanye kwenye dumu lililoandikwa na uyapeleke kwa mtu anayehusika na taka za maabara.

Umefaulu ikiwa tumbo ni gumu likibonyezwa na hakuna harufu ya kuoza.

## Hatua ya 6: Kusuuza na kuhamishia ethanoli

Loweka kwenye maji safi kwa siku kadhaa, ukibadilisha maji, hadi harufu kali ya fomalini iishe. Kisha ethanoli ya asilimia 50 kwa siku chache, halafu ya 70. Ukimrusha moja kwa moja kwenye kali zaidi, atasinyaa.

Kupata lita 1 ya asilimia 70: pima mililita 730 za ethanoli ya 96, ongeza maji yaliyosafishwa hadi ifike lita 1. Samaki wasizidi theluthi ya mtungi. Gogogo mfunge kwanza kwa shashi, miiba yake isiwatoboe wenzake. Na kumbuka kuwa mitungi hii yote inashika moto.

## Hatua ya 7: Pima na hesabu

Pima upande wa kushoto kwa vernia, kwa milimita. Andika kama ulipima akiwa mbichi au baada ya kuhifadhiwa, kwa sababu dawa humpunguza urefu.

Kipimo cha msingi ni urefu wa kawaida: kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mifupa inayobeba pezi la mkia. Ukikunja mkia kidogo, utaona mkunjo unaotokea pale pale. Urefu wote, pamoja na mkia, uandike pia, lakini mapezi ya mkia huliwa na kukatika, usiutegemee.

Kisha: urefu na upana wa kichwa, kipenyo cha jicho, umbali kati ya macho, urefu wa sharubu za taya la juu, umbali kutoka ncha ya nyuma ya fuvu hadi mwanzo wa pezi la mgongoni. Kwa urefu wa kichwa eleza uliishia wapi, kwenye kifuniko cha matamvua au kwenye ncha ya fuvu. Watafiti hawakubaliani, na namba bila maelezo hayo haina kazi.

Hesabu:

- Jozi za sharubu. *Clarias* na mbofu wana jozi nne. Gogogo ana tatu, na zile za chini zina matawi.
- Vijiti vya pezi la mgongoni. Kwa *Clarias gariepinus* vinazidi 60, pezi ni refu na halina mwiba mbele. Weka taa chini ya samaki, hesabu mara mbili, zikitofautiana hesabu ya tatu.
- Pezi la nyama nyuma ya pezi la mgongoni. *Clarias gariepinus* hana, *Heterobranchus*, jenasi ya karibu yake, analo kubwa, mbofu analo refu sana.
- Meno ya mwiba wa kifuani: yako upande wa nje, wa ndani, au pande zote? Pitisha ukucha taratibu.
- Vichujio vya upinde wa kwanza wa matamvua, upande wa kulia. Kwa *Clarias gariepinus* idadi yake huongezeka samaki anavyokua, kwa hiyo hesabu hiyo bila urefu wa samaki haisaidii.

## Hatua ya 8: Jina, na shaka yake

Jina la kisayansi ni maoni. Liandike pamoja na aliyelitoa na tarehe.

Ukiwa na uhakika wa jenasi tu, andika *Clarias* sp. na ulale usingizi. Ukiona anafanana na spishi fulani lakini jambo moja halikai sawa, andika *Clarias* cf. *liocephalus*. Hakuna aibu katika herufi hizo mbili. Aibu iko kwenye kila kambare mdogo wa kinamasi kuitwa mtoto wa *gariepinus*, ilhali bonde la Victoria lina wadogo wake, kama *Clarias alluaudi*, ambao hawakui wakawa wakubwa.

## Hatua ya 9: Lebo ya ndani

Lebo inakaa ndani ya mtungi, pamoja na samaki, maandishi yakitazama nje. Ya kubandikwa nje ni nyongeza tu, itabanduka.

Iwe na namba ya usajili (ile ya mstari wake daftarini, tazama Hatua ya 10), namba ya uwandani, jina na aliyelitoa, mahali, tarehe, mkusanyaji, idadi ya samaki, na dawa aliyopitia. Tumia penseli au wino wa rangi. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, na maandishi ya printa ya leza huweza kubanduka herufi moja moja ndani ya ethanoli hadi ubaki na karatasi nyeupe na vumbi jeusi chini ya mtungi.

Jaribu kwanza: tumbukiza lebo ya mfano kwenye ethanoli kwa wiki, kisha isugue kwa kidole.

## Hatua ya 10: Daftari, kisha kompyuta

Daftari kwanza. Mstari mmoja, namba moja, hakuna kuruka. Ukikosea, piga mstari mmoja katikati ya neno lisomeke bado, andika sahihi juu, weka saini fupi na tarehe. Kifutio cheupe kisiingie chumba hicho.

Kwenye kompyuta tenga safu ya maneno kama yalivyoandikwa na safu ya tafsiri yako. Zingatia alama ya kutoa: kusini mwa ikweta latitudo ni hasi. Samaki wa Mwanza yuko karibu na −2.5, 32.9. Sahau alama hiyo na atatua kaskazini mwa Uganda, si mbali na Lira. Badilisha nafasi za namba mbili na utampeleka mashariki mwa Morocco. Kwa hiyo baada ya kuingiza, fungua ramani uangalie vitone. Kitone kilicho nchi kavu kabisa kirudie.

Safu za namba zifanye kuwa maandishi kabla ya kuandika. Programu za majedwali hupenda kugeuza namba kuwa tarehe bila kukuuliza.

## Ukikuta mtungi wa zamani

Usimwage, usisafishe, usibadilishe lebo. Piga picha ya mtungi kama ulivyo, kisha kila lebo pande zote mbili.

Utakutana na majina ya mahali yaliyobadilika: Port Florence ni Kisumu, Ghuba ya Kavirondo ni Winam, Ziwa Rudolf ni Turkana, Albertville ni Kalemie, Bismarckburg ni Kasanga. Yanakili kama yalivyo, kisha jina la leo liende kwenye safu ya tafsiri. Majina ya samaki vilevile. *Clarias mossambicus* na *Clarias lazera* leo huhesabiwa kuwa *Clarias gariepinus*, lakini lebo ya zamani haikatwi wala haitolewi. Andika lebo mpya ya utambuzi, iweke nyuma yake.

Lebo yenye neno "type", au yenye alama nyekundu, ikusimamishe. Huenda ndiye samaki aliyetumiwa kuelezea spishi nzima. Mwite mhifadhi mkuu, na usifungue.

Samaki aliyekauka usimmwagie ethanoli, anaweza kuharibika. Mwache kwa mtaalamu. Na aliyejazwa pamba na kutundikwa ukutani mguse kwa glavu tu, kwani ngozi za zamani mara nyingi zilipakwa arseniki.

Uvumilivu huu una sababu. *Xenoclarias eupogon*, kambare aliyeelezwa mwaka 1928, ni wa Ziwa Victoria pekee na kwa miongo kadhaa hajapatikana kwa uhakika. Mtungi ulioandikwa "kambare mdogo" unaweza kuwa na kitu ambacho nyavu hazileti tena.

## Hatua ya mwisho: Rafuni na ukaguzi

Mitungi mbali na jua, familia pamoja, jenasi kwa alfabeti. Angalia kiwango cha ethanoli kila baada ya miezi sita, na mapema zaidi kwenye vyumba vya joto. Kabla ya kuongeza, pima nguvu yake kwa haidromita: spiriti hupotea haraka kuliko maji, na mtungi uliojaa unaweza kuwa dhaifu.

Mwisho, mpe mwenzako daftari. Achague namba tano ovyo, nawe umletee samaki wake. Kisha achague samaki watano rafuni, nawe umwonyeshe mistari yao. Hata mmoja akikosekana, usisajili samaki mpya mpaka apatikane au uandike daftarini, kwa tarehe na saini, kwamba alitafutwa na hakuonekana.